Laptopu ikijaa: programu ibaki ndani, picha zihamie nje

Kuna swali ambalo siku hizi haliishi midomoni mwa wanafunzi wa vyuo, vijana wanaopiga picha za harusi, na hata akina mama waliotwikwa jukumu la kutunza picha za ukoo mzima. Swali lenyewe ni hili: laptopu imejaa pomoni, je, mtu anaweza kununua diski ya nje aina ya SSD, akaiweka programu ya kuhariri picha humo, na kuendelea na kazi zake bila ya kununua laptopu nyingine?

Jibu fupi ni kwamba yawezekana, lakini si kwa kila programu, wala si kwa namna wanavyodhani wengi. Jibu refu ndilo tutakaloliangalia juma hili.

Tuanze na hali ilivyo majumbani. Familia nyingi za mjini zina laptopu moja tu, nayo hutumiwa na watu wanne au watano. Baba huandikia stakabadhi za biashara yake. Kaka mkubwa anaandika mradi wake wa chuo. Kitinda mimba anataka katuni. Naye binti aliyejinunulia kamera kwa akiba yake huisubiri usiku, wengine wakishalala, ili azihariri picha za harusi aliyokwenda kuipiga Jumamosi.

Laptopu hiyo aghalabu ni ya mtumba, ile iliyotumika katika ofisi za ng'ambo kabla ya kuletwa huku, na diski yake ya ndani ni ya GB 256, au hata GB 128. Sasa piga hesabu. Picha moja ya RAW, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera bila kubanwa, ina uzito wa takriban MB 25 kwa kamera ya megapikseli 24. Mpigapicha akirudi na picha 800, hizo ni GB 20. Harusi tano za namna hiyo ni GB 100. Hapo laptopu huanza kulia kwamba haina nafasi, na watu huanza kufuta.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. "Nani amefuta faili zangu?" Aliyefuta hakuwa na nia mbaya, alikuwa akitafuta nafasi tu. Lakini huenda alichokifuta ni picha za mwisho za marehemu babu, ambazo hazikuwa na nakala nyingine popote duniani. Kwa hivyo tusidhani jambo hili ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Linahusu amani ya nyumba na kumbukumbu za jamaa.

SSD ni kitu gani?

Diski ya kwanza ya kompyuta ya aina ya sahani zinazozunguka ilitoka mwaka 1956 katika mashine ya kampuni ya IBM iliyoitwa 305 RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 pekee. Picha moja ya RAW ya leo isingeenea humo hata robo yake.

Diski za sahani bado zipo na zinauzwa. Nyingi za zile ndogo za nje huzunguka mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa chembamba kikielea juu ya sahani kusoma na kuandika. Ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa hicho chaweza kuiparuza sahani, na data ikaenda na maji.

SSD haina sahani wala kichwa. Huhifadhi kila kitu katika chipu za flashi, teknolojia iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Maadamu hakuna kinachozunguka, haipigi kelele, haitetereki ikitikiswa ndani ya matatu, na husoma faili kwa kasi kubwa zaidi. Hata hivyo, isije ikafikiriwa kwamba haiharibiki. Huharibika, na mara nyingi huaga bila hata kukohoa.

Stoo, meza na mpishi

Wengi hudhani kwamba wakinunua SSD ya nje, programu nzito itageuka nyepesi. Hebu tuifananishe laptopu na jikoni. Diski ni stoo ya vyakula. RAM ni meza ya kukatia na kupangia. Prosesa ni mpishi mwenyewe. Unapofungua programu ya picha, vitu hutolewa stoo na kupangwa mezani, kisha mpishi huanza kazi.

Ukijenga stoo kubwa yenye mlango mpana, mpishi atapata vitu haraka. Lakini meza ikiwa finyu na mpishi akiwa mzee, chakula kitachelewa vile vile. Photoshop, kwa mfano, huhitaji RAM isiyopungua GB 8, na Adobe hupendekeza GB 16. Mwenye laptopu ya RAM ya GB 4 akitumia fedha zake zote kununulia diski ya nje, atakuwa ametibu mguu ilhali kinachouma ni kichwa. Bora kwanza amuulize fundi kama RAM ya laptopu hiyo yaweza kuongezwa, maana kuna zinazokubali na kuna ambazo RAM yake imegandishwa moja kwa moja kwenye bodi.

SSD ya nje itakusaidia katika mambo haya: kupata nafasi, kufungua picha kubwa upesi, kupitia mamia ya picha bila kungojea kila moja ijitokeze, na kubeba kazi yako kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Hayo si haba. Lakini isidaiwe zaidi ya hayo.

Programu zinazokataa kuhama

Programu za kuhariri picha ziko makundi mawili, na ni lazima ujue yako ni ya kundi lipi kabla hujaingia dukani.

Kundi la kwanza ni zile zinazojifunga kwenye kompyuta unapozisakinisha. Photoshop na Lightroom Classic ni za kundi hili. Programu kama hizi hazikai katika folda moja tu. Huweka vipande hapa na pale ndani ya Windows, huandikisha jina lake katika daftari la siri la mfumo huo, na leseni yake hufungamana na kompyuta ile. Adobe imekuwa ikieleza katika masharti ya Photoshop kwamba programu hiyo haisakinishwi kwenye diski ya flashi ya kuchomoa.

Wapo wajanja wanaofaulu kuilazimisha. Lakini tazama matokeo. Vipande vingine bado hubaki katika diski ya ndani, kwa hivyo nafasi inayookolewa ni ndogo. Waya ukilegea kidogo, programu huzimika na kazi ya saa mbili hupotea. Nawe ukiichomoa diski hiyo na kuichomeka kwenye laptopu ya rafiki yako, programu haitafunguka, kwa sababu Windows ya rafiki yako haiijui kabisa. Kwa hivyo ile faida uliyoitafuta, ya kutembea na programu mfukoni, hukuipata.

Ushauri wangu kwa wenye programu za kundi hili ni mmoja: iache ndani. Programu yenyewe haikui kila juma. Kinachokua ni picha, na hizo ndizo za kuhamishwa.

Programu zinazokubali kubebwa

Kundi la pili ni zile zilizotengenezwa zibebeke. Mfano ulio karibu ni GIMP. Programu hii ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Haiuzwi. Mtu yeyote anaweza kuitumia bure, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025.

Kuna toleo la GIMP la kubebeka kwa ajili ya Windows, linalopatikana katika tovuti ya PortableApps.com. Hili huweka kila kitu chake, pamoja na mapendeleo yako, katika folda moja. Ukichomeka diski yako katika kompyuta ya nyumbani, ya chuo au ya saiba, unafungua folda hiyo, unabonyeza, na programu inaanza jinsi ulivyoiacha. Ukimaliza, unafunga na kuondoka nayo.

Kwa mwanafunzi asiye na laptopu yake, hii ni neema. Lakini kuna mawili ya kuangalia. Kwanza, maabara nyingi za vyuo zimezuia programu za kutoka nje, kwa hivyo muulize msimamizi kabla ya kujaribu. Pili, kompyuta inayotumiwa na kila mpita njia huwa na virusi, na virusi hupenda kupanda diski zinazochomekwa kama abiria wanavyogombea matatu ya mwisho. Ukirudi nyumbani, ipime diski kwa programu ya kukinga virusi kabla hujafungua chochote.

Katalogi si albamu

Sasa turudi kwa anayetumia Lightroom Classic, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Lightroom Classic haihifadhi picha ndani yake. Ina kitu kinachoitwa katalogi, ambacho ni kama daftari la mwenye duka. Katika daftari hilo imeandikwa kila picha iko rafu gani, umeipunguza mwanga kiasi gani, umeikata wapi, umeipa nyota ngapi. Picha yenyewe imekaa pale pale ulipoiweka, haijaguswa.

Kutokana na hayo, mtu akizihamisha picha kwa kuzikokota ndani ya Windows, daftari halitajua. Litaendelea kuelekeza kwenye rafu ya zamani, na mwenyewe ataona alama ya kuuliza na kudhani picha zimepotea. Hazijapotea, zimehama bila kuaga. Njia iliyo salama ni kuihamisha folda kutoka ndani ya Lightroom yenyewe, kwa kuikokota katika orodha ya folda zake hadi kwenye diski mpya. Na ikiwa tayari umezihamisha kwa njia nyingine, bonyeza ile folda yenye alama ya kuuliza, uielekeze mahali picha ziliko sasa.

Katalogi yenyewe pia yaweza kukaa kwenye SSD ya nje. Hapo ndipo diski hii inapoonyesha thamani yake. Ukiwa na Lightroom Classic katika kompyuta ya nyumbani na ya ofisini, unabeba diski moja yenye katalogi na picha, unaichomeka popote kati ya hizo mbili, na kazi inaendelea ulipoachia. Ikumbukwe tu kwamba leseni ya kawaida ya Adobe huruhusu kompyuta mbili tu, na kwamba Lightroom Classic haikubali katalogi iliyowekwa kwenye diski ya mtandao wa ofisi.

Kwa asiyetaka kutembea na diski kila mahali, ipo njia nyingine. Tangu Lightroom 5 ya mwaka 2013, programu hii hutengeneza nakala ndogo za picha ziitwazo Smart Previews, zenye pikseli zisizozidi 2,560 kwa upande mrefu. Katalogi na nakala hizo zikiwa ndani ya laptopu, unaweza kuiacha diski kabatini na bado ukahariri. Ukirudi na kuichomeka, mabadiliko yote huangukia kwenye picha halisi.

Watumiaji wa Photoshop nao wana lao. RAM ikijaa, programu hii huazima nafasi kwenye diski kwa muda. Diski ya ndani ikiwa imejaa, Photoshop hukataa kufanya kazi. Katika mapendeleo yake kuna sehemu iitwayo Scratch Disks, na hapo unaweza kuiambia iazime nafasi kwenye SSD ya nje. Ila ukishafanya hivyo, usiichomoe diski kabla ya kuifunga Photoshop.

Herufi ya diski na muundo wake

Windows huipa kila diski herufi. Leo diski yako ni E. Kesho umechomeka flashi kwanza, nayo flashi ikachukua E, diski yako ikawa F. Lightroom inaitafuta E, haioni picha, na moyo wako unaruka. Dawa yake ni rahisi. Fungua Disk Management katika Windows, uipe diski yako herufi ya mbali isiyogombewa, mathalan P ya picha. Katika kompyuta hiyo itabaki P. Ukihamia nyingine, ipe herufi hiyo hiyo mara moja.

Kuna pia suala la muundo wa diski. Ikiwa kompyuta zote ni za Windows, tumia NTFS. Ikiwa ni za Mac tupu, tumia APFS. Ikiwa utaingia huku na huku, tumia exFAT, kwa kuwa Mac husoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki humo. Epuka FAT32, maana haibebi faili moja inayofikia GB 4, na video fupi tu ya harusi hupita hapo. Tahadhari kubwa: kubadilisha muundo hufuta kila kilichomo. Fanya hivyo siku ya kwanza, diski ikiwa tupu.

Udhaifu wa exFAT ni kwamba haiweki kumbukumbu za kuisaidia kujirekebisha ikikatizwa katikati ya kuandika. Kwa hivyo kabla hujachomoa, iage kompyuta kwa utaratibu wake wa kutoa diski salama. Ni sekunde chache tu.

Hili ni zito zaidi kwetu, ambako stima hupotea bila taarifa. Diski ya nje hupata umeme kutoka kwa laptopu. Laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa ikizimika, diski nayo huzimika papo hapo, na katalogi iliyokuwa ikiandikwa yaweza kuharibika. Lightroom Classic huuliza unapoifunga kama itengeneze nakala ya katalogi. Kubali. Isitoshe, iambie nakala hiyo iiweke kwenye diski ya ndani ya laptopu, isikae pamoja na katalogi yenyewe. Nyumba ikiungua, ufunguo wa akiba usiwe umetundikwa sebuleni.

Waya unaovuta nyuma

Mtu hununua SSD nzuri, akaichomeka kwa waya wa kuchajia simu, kisha akalalamika kwamba ameuziwa gari bovu. Tufanye hesabu ya zile GB 20 za harusi moja.

Kwa tundu au waya wa USB 2.0, ambao kwa kawaida hupitisha kiasi cha MB 35 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua dakika 9 na nusu hivi. Diski ya sahani inayosoma MB 100 kwa sekunde, ikiwa na waya ufaao, humaliza kwa dakika 3 na sekunde 20. SSD kwenye tundu la USB 3.0, ikipitisha MB 400 kwa sekunde, humaliza kwa sekunde 50.

Diski ni ile ile, waya ndio umebadilika. Matundu mengi ya USB 3.0 huwa na ulimi wa buluu ndani, ingawa si kila mtengenezaji hufuata rangi hiyo. Nao umbo la USB-C lisikudanganye: nyaya nyingi za kuchajia zenye umbo hilo hupitisha data kwa kasi ya USB 2.0 tu. Tumia waya uliokuja na diski, na usiuazime hovyo.

TB 16 kwa bei ya kutupa

Dukani napo pana mitego. Sikiliza mazungumzo ya namna hii, ambayo kila mnunuzi wa mjini atayatambua:

"Mama, karibu. Hii hapa ni SSD ya TB 16. Ni bei ya kutupa, nimekufanyia wewe tu."

"Kijana wangu, na ile ya TB 1 mbona ni ghali kuishinda?"

"Ile ni ya jina, mama. Hii ni ile ile, jina tu halipo."

Mama huyo ameuliza swali sahihi, na jibu alilopewa linatosha kumwondoa hapo. Diski bandia za aina hii zimejaa duniani. Ndani huwa na chipu ndogo tu, pengine ya GB 64, iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kwamba ni kubwa. Unanakili picha, zinaonekana zimeingia. Chipu ikijaa, huanza kuandika juu ya za zamani, au huzitupa mpya. Majina ya faili utayaona, lakini ukifungua picha, hamna kitu. Mtu hugundua hayo miezi baadaye, akiwa amekwisha kufuta zile za asili.

SSD za kawaida za nje ni za GB 500, TB 1, TB 2 au TB 4, na bei hupanda kwa kadiri ya ukubwa. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana. Ukifika nyumbani, kabla hujaweka picha hata moja, ipime. Kwa Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwa Mac na Linux kuna F3. Hizi huijaza diski yote kwa data ya majaribio, kisha huisoma tena kuhakikisha kila kilichoandikwa kipo. Huchukua saa kadhaa, lakini heri kupoteza usiku mmoja kuliko harusi ya mtu.

Nje si nakala

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo nikilisahau, yote niliyoandika juu yatakuwa bure. Ukiondoa picha kutoka kwa laptopu na kuziweka kwenye SSD, bado una nakala moja tu. Umehamisha hatari kutoka chumba kimoja hadi kingine. Na hicho chumba kipya ni kidogo, chaingia mfukoni, chaweza kusahaulika kwenye kiti cha matatu au kuporwa pamoja na mkoba.

Mpigapicha Peter Krogh alieneza kanuni rahisi inayoitwa 3-2-1. Uwe na nakala tatu za kila picha unayoithamini. Ziwe katika vyombo vya aina mbili. Moja kati yake ikae mahali pengine, mbali na nyumba yako.

Kwa familia ya kawaida hii haina gharama ya kutisha. Picha za kufanyia kazi ziwe kwenye SSD. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya sahani, ambayo kwa kila GB huwa rahisi kuliko SSD, nayo ikae kabatini. Nakala ya tatu ya zile picha teule iwe kwenye hifadhi ya intaneti, au kwenye diski nyingine iliyo kwa shangazi mtaa wa pili. Na diski ya SSD isiachwe kabatini miaka na mikaka bila kuchomekwa, maana chipu za flashi hupoteza chaji yake polepole zikikosa umeme. Ichomeke mara kwa mara na uzikague picha.

Kwa wale wanaopiga picha za watu kwa malipo, kuna jingine. Sura ya mtu ni data yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha za wateja zikizagaa mjini kwa sababu diski yako ilipotea bila nenosiri, huwezi kusema halikuhusu. Windows za daraja la Pro zina BitLocker ya kufunga diski ya nje kwa nenosiri, na Mac ina njia yake ya kuifunga. Nenosiri hilo pamoja na ufunguo wake wa akiba viandike mahali salama. Ukivisahau, utakuwa umejifungia nje wewe mwenyewe.

Mapatano ya nyumba

Basi kwa yule binti mwenye kamera na jamaa zake wanaogombania laptopu moja, mpango ni huu. Programu ibaki ndani ya laptopu ikiwa ni Photoshop au Lightroom Classic. Ikiwa ni GIMP ya kubebeka, na ihamie nje. Picha na katalogi ziende kwenye SSD iliyopimwa, iliyopewa herufi yake, na yenye waya wake. Nakala ya katalogi irudi ndani. Diski ya pili iwe kabatini.

Kisha familia ikae siku moja baada ya chakula cha mchana, ikubaliane jambo dogo lisilohitaji fundi: hakuna anayefuta cha mwenzake kabla ya kumwuliza. Kila mmoja awe na folda yenye jina lake. Zile picha za babu ziwe na folda yake, isiyo ya mtu mmoja, nazo ndizo za kwanza kunakiliwa mara tatu.

Haya yakifanyika, laptopu ile ya mtumba yaweza kuendelea kuihudumia nyumba miaka kadhaa zaidi, na fedha zilizokuwa zitafutwe kwa ajili ya nyingine zikalipa karo. Mnaosoma haya Jumapili hii mkiwa na diski moja tu mkononi, anzeni leo kwa nakala ya pili. Mengine yatafuata.

Hadi juma lijalo, tukijaliwa.